Si roketi pekee zilizoirusha Fat Albert
Video za Fat Albert, ndege ya mizigo C-130 ya kikosi cha maonyesho cha Blue Angels cha Marekani, zinasisimua kweli: pua juu, nyuzi 45, moshi mweupe ukiufunika uwanja. Wengi huamini roketi ndizo zilizoirusha. Sivyo. Kazi kubwa ilifanywa na injini zake nne za mapangaboi. Roketi nane, nne kila ubavu karibu na milango ya nyuma, zilisaidia kusukuma kwa sekunde 15 hivi tu. Fueli ya roketi hizo ni yabisi. Ikishawaka haizimwi mpaka iishe. Na anayengoja kuziona roketi hizo leo amechelewa: akiba yake iliisha, zikawashwa mara ya mwisho Pensacola, Florida, Novemba 2009.