Mshale Haujui Kasha Liko Wapi: Dhana Potofu Kuhusu Jiokashingi na GPS ya Mkononi

Anayeanza jiokashingi huja na picha moja kichwani: anawasha GPS yake ya mkononi, anafuata mshale, skrini inaandika sifuri, anainama, anaokota kasha. Picha hiyo ndiyo inayowavunja moyo wengi siku ya kwanza, maana sifuri inafika na kasha halionekani. Nimewaona wakikigonga kifaa kwa kiganja, wakidhani kimeharibika, kumbe ni kizima. Tatizo liko kwenye yale waliyoyasikia kabla ya kutoka, na hayo ndiyo ninayotaka kuyanyoosha hapa.

Kwa asiyeujua kabisa mchezo huu: mtu anaficha chombo, anatangaza latitudo na longitudo zake mtandaoni, wengine wanakisaka, wanaandika jina kwenye daftari lililomo ndani, kisha wanakirudisha pale pale kilipokuwa.

"GPS itanisimamisha juu ya kasha lenyewe."

Kifaa hakijui lolote kuhusu kasha. Kinajua mambo mawili tu: namba ulizokipa, na makadirio ya mahali uliposimama. Neno la kushika hapo ni makadirio. Penye uwazi, anga likionekana pande zote, GPS nzuri ya mkononi hukosea kama mita 3 hadi 5. Ukiingia chini ya miti yenye majani mazito, au ukisimama kando ya mwamba au majengo marefu, mawimbi ya setilaiti hudhoofika, mengine hugonga ukuta kwanza ndipo yakufikie, na kosa hukua hadi mita 10 au zaidi.

Halafu kuna jambo ambalo wageni husahau. Aliyeficha naye alikuwa na kifaa kama chako, na siku aliyochukua namba kifaa chake nacho kilikosea. Makosa hayo mawili yakiegemea upande mmoja, una bahati. Yakienda pande tofauti, yanajumlishana. Kwa hiyo ile sifuri kwenye skrini ichukulie kama duara, na kasha liko mahali fulani ndani yake, au nje yake kidogo.

Mimi nikibakiza mita 15 hupunguza mwendo. Nikifika mita 5 au 6 naitia GPS mfukoni, naanza kutazama. Najiuliza: kama ningekuwa mimi ninayeficha, ningeweka wapi? Kisha natafuta kilichopangika kupita kiasi: mawe yaliyobebana vizuri mno, vijiti vitano vimelala sambamba huku vingine vyote vimeanguka ovyo, gome lisilooana na shina lake, tundu la mti kwenye kimo cha mkono. Tundu lolote nalichokoa kwa kijiti kabla ya kuingiza vidole, maana kasha si mpangaji pekee wa matundu.

Kama mshale unazunguka-zunguka na hautulii, usizunguke nao. Ondoka mita 20 au 30, rudi kwa mwendo wa kawaida ukitazama unaelekea wapi, kisha rudia kutokea upande mwingine. Pale mistari miwili inapokatana ndipo pa kuanzia. Kuzunguka huko kuna sababu yake: kifaa kisicho na dira ya sumaku ndani hujua unakoelekea kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo sasa, hivyo ukisimama kinabaki kubahatisha. Chenye dira huonyesha upande hata ukiwa umesimama, ila kinataka kurekebishwa, hasa ukishabadilisha betri. Kazi ya dakika moja, na wengi hawaifanyi.

"Bila mtandao wa simu haifanyi kazi, na tena inawaambia watu nilipo."

Dhana mbili, na jibu lao ni moja. GPS ya mkononi ni kama redio: inasikiliza. Setilaiti za GPS zinazunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikitangaza saa na mahali ilipo. Kifaa kinapima mawimbi yamechelewa kiasi gani, na kikizisikia angalau nne kinapata latitudo, longitudo, kimo na saa sahihi. Hakitumi chochote kwenda juu. Setilaiti haina habari kama upo. Laini ya simu haihitajiki, wala data. (Modeli chache zina sehemu ya kutuma ujumbe kwa setilaiti, lakini hiyo ni huduma nyingine, na anayeinunua anajua.)

Kinachohitajika ni subira unapoiwasha baada ya kuiweka kwa wiki kadhaa au kuisafirisha mbali ikiwa imezimwa. Orodha kamili ya setilaiti huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Simama penye uwazi, iache isikilize. Anayeiwasha ndani ya gari na kuondoka hapo hapo ndiye hulalamika kwamba haishiki.

"Namba ni namba, ziingize tu."

Hapa ndipo nawaomba wageni watulie, kwa sababu kosa hili halionekani. Kifaa hakilalamiki. Kinakupeleka kwa uhakika wote mahali pasipo na kitu.

Jiokashingi hutumia nyuzi na dakika zenye desimali (dakika hapa si ya saa, ni sehemu moja kati ya 60 za nyuzi moja). Chukua latitudo hii: Kaskazini nyuzi 40, dakika 22.500. Hiyo .500 ni nusu ya dakika, yaani sekunde 30. Sasa kama kifaa chako kimewekwa kwenye nyuzi, dakika na sekunde, nawe ukaandika 40, 22, 50, umekiambia sekunde 50. Tofauti ni sekunde 20, na ardhini hizo ni zaidi ya mita 600. Ukiwa umekosea zaidi ukaandika nyuzi 40.22500, umekwenda pembeni zaidi ya kilomita 16. Tarakimu zile zile, mpangilio tofauti. Kwenye mpangilio sahihi, tarakimu ya mwisho kabisa ya latitudo ina thamani ya chini kidogo ya mita 2 ardhini, kwa hiyo usiikate wala kuikadiria.

Fungua mipangilio, tafuta muundo wa mahali, chagua ule wa nyuzi na dakika zenye desimali tatu. Hapo hapo hakikisha msingi wa ramani, yaani kipimo cha dunia ambacho namba zinahesabiwa juu yake, ni WGS84, ule wa GPS yenyewe. Misingi ya ramani za zamani inaweza kukusogeza mamia ya mita bila dalili yoyote. Njia salama kuliko zote ni kupakua faili la GPX, lenye namba za kasha tayari, na kulihamishia kwenye kifaa kwa waya: hakuna kuandika, na maelezo ya kasha na kidokezo vinakuja humo humo.

"Imebaki mita 300, dakika tano tu."

Mita 300 za ndege. Mshale hauoni mto, genge wala uzio. Unaonyesha mstari ulionyooka kutoka kwako hadi kwenye namba, basi. Soma ramani kabla ya kuondoka njiani, na mara nyingi njia inayoonekana kukupeleka mbali ndiyo inayokufikisha. Na kabla hujaanza kutembea, hifadhi mahali ulipoacha gari au ulipoingilia njia. Watu huhifadhi kasha wasihifadhi njia ya kurudi, na msituni jioni hilo si jambo dogo.

"Ndani kuna hazina, na imefukiwa ardhini."

Dhana hii ina asili yake, na naipenda asili hiyo. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, Marekani ilikuwa ikiyaharibu kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Kwa agizo la Rais Bill Clinton, uharibifu huo ulizimwa usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei. Tarehe 3, Dave Ulmer akaenda porini karibu na Beavercreek, Oregon, akaacha kasha la kwanza la mchezo huu, ndoo nyeusi ya plastiki, na kutangaza namba zake kwenye kundi la majadiliano la intaneti. Ndani kulikuwa na vitabu, video, programu za kompyuta, fedha, manati na kopo la maharage. Ndani ya siku chache Mike Teague, aliyesoma tangazo hilo, alikuwa ameipata. Na ndoo hiyo, ndiyo, ilikuwa imefukiwa nusu.

Leo isingepita. Kuchimba shimo la kuficha kasha hakuruhusiwi, isipokuwa mwenye ardhi ametoa idhini waziwazi, na idhini yake inahitajika hata pasipo kuchimba. Kwa hiyo ukijikuta unataka jembe, umepotea: kasha liko juu ya ardhi, nyuma ya kitu, chini ya kitu, limening'inia kwenye kitu. Chakula nacho hakiwekwi tena, maana wanyama hunusa na kulitafuna kasha lote. Visu, pombe, dawa na baruti pia havikubaliki.

Hazina? Vitu vidogo vya kubadilishana, na desturi ni kwamba ukitoa kimoja unaweka chenye thamani sawa au zaidi. Makasha mengi hayana hata hivyo. Yapo madogo kama ncha ya kidole, yenye ukanda mwembamba wa karatasi uliosokotwa. Beba kalamu, kwa sababu jina kwenye karatasi hiyo ndilo linalohesabika. Ukikuta kibati cha chuma chenye namba ya kufuatiliwa, hicho si zawadi. Kina mwenyewe, kinasafiri kutoka kasha hadi kasha, nawe ukikichukua umekubali kukisogeza mbele.

"Simu haitoshi, lazima GPS ghali."

Simu inatosha kuanzia, na penye uwazi usahihi wake unakaribiana na wa kifaa maalumu. GPS ya mkononi inashinda kwa uvumilivu: betri zinazodumu siku nzima na kubadilishwa njiani, vitufe vinavyobonyezeka ukiwa na glovu, mwili unaostahimili maji na kuanguka. Modeli ya chini kabisa, hata iliyotumika, inatosha kwa mwaka wako wa kwanza. Pesa inayobaki nunulia betri za akiba.

"Sikulipata, basi limeibwa."

Wakati mwingine kweli limeondolewa. Mara nyingi zaidi liko, na ulipita karibu nalo mara tatu. Kabla ya kutoka tazama alama mbili za kila kasha, ugumu wa kulitafuta na ugumu wa njia, kila moja kuanzia 1 hadi 5. Mgeni aanze na 1 au 1.5 kwa zote mbili, achague kasha la ukubwa wa kawaida, na lililopatikana wiki za karibuni. Kidokezo hakimwaibishi mtu. Kimefichwa kwa kuisogeza kila herufi nafasi 13, A ikawa N, ili asiyekitaka asikione kwa bahati mbaya. Ukikutana na "puvav ln zgv", ukaigeuza herufi kwa herufi umekaa kwenye gogo, unapata "chini ya mti".

Na ukishindwa kabisa, andika kwamba hukulipata. Wengi huona haya wakanyamaza. Mwenye kasha anayasoma maneno hayo kwa makini kuliko pongezi zote: wakiandika hivyo watu wawili watatu mfululizo, anajua ni wakati wa kwenda kuangalia kama bado lipo.