Je, wajua kwa nini wilaya inaweza kuchanja asilimia 108 ya watoto wake?

Kwenye taarifa za chanjo si ajabu kukuta wilaya imeandikiwa kwamba asilimia 108 ya watoto wamepata chanjo ya surua. Wengi hudhani takwimu zimepikwa. Mara nyingi hakuna aliyepika kitu: waliochanjwa wapo kweli, ila wamegawanywa kwa idadi isiyo sahihi.

Nchini Tanzania muuguzi hutia alama kwenye karatasi ya kuhesabia kila anapomchanja mtoto. Mwisho wa mwezi zahanati hujumlisha, na takwimu huingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Jumla hiyo hugawanywa kwa walengwa, yaani watoto wa chini ya mwaka mmoja wanaotarajiwa kuwepo. Hao hakuna aliyewahesabu mwaka huo. Wamekadiriwa kutoka kwenye sensa.

Makadirio hupotoka haraka. Sensa ya 2012 ilipata watu milioni 44.9, na ongezeko la asilimia 2.7 kwa mwaka. Ukiikuza idadi hiyo kwa kasi ileile miaka 10, unapata kama milioni 58.6. Sensa ya 2022 ilikuta milioni 61.7. Hiyo ni tofauti ya watu milioni 3 kwa taifa zima, na ukishuka wilayani mambo huzidi kuharibika. Machimbo mapya yakifunguliwa, au mji ukitanuka, familia changa huhamia kwa wingi huku walengwa kwenye karatasi wakibaki walewale. Kule walikotoka, wauguzi hulaumiwa kwa kutowachanja watoto ambao wameshahama.

Kwenye kuhesabu waliochanjwa nako kuna makosa. Mama wa wilaya jirani huja kituo kilicho karibu naye, na mtoto wake huhesabiwa huku. Mtoto wa miezi 14 aliyechelewa huingizwa pamoja na wa miezi 9. Kosa baya zaidi ni kuhesabu chupa badala ya watoto: chupa ya surua-rubela yenye dozi 10 ikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6, kwa hiyo watoto 6 wakichanjwa na chupa ikaandikwa kuwa dozi 10, wamezaliwa wanne wa karatasini.

Sasa tuseme walengwa wa wilaya ni 8,000 na waliochanjwa ni 8,640. Hiyo ndiyo asilimia 108. Kama watoto halisi ni 9,600, kiwango cha kweli ni asilimia 90, na 960 hawajachanjwa. Surua huhitaji takribani asilimia 95 ya watu wawe na kinga ili isisambae. Watoto 960 wa mwaka huu wakiongezwa kwa wa mwaka jana na mwaka juzi, mlipuko una pa kuanzia, tena katika wilaya inayopongezwa.

Asilimia 108 angalau humshtua anayeisoma. Asilimia 97 inaweza kuwa na makosa yaleyale na ikapita bila swali.

Kipimo kimoja hakihitaji makadirio kabisa. Chukua waliopata dozi ya kwanza ya Penta, chanjo ya magonjwa matano (wiki ya 6), toa waliopata ya tatu (wiki ya 14), gawanya kwa wale wa kwanza. Walioanza 500 wakimaliza 430, asilimia 14 wameachia njiani. Ikizidi 10, kuna tatizo: pengine chanjo ziliisha, au huduma ya mkoba, yaani wauguzi kuwafuata watoto vijijini, imesimama. Jibu likiwa chini ya sifuri, rudi kwenye karatasi za kuhesabia, kwa sababu watoto hawawezi kumaliza wengi kuliko walioanza.

Njia ya pili ni utafiti wa kaya. Wapimaji hupita kwenye nyumba zilizochaguliwa na kuangalia watoto wa miezi 12 hadi 23. Huomba kadi ya kliniki na kusoma tarehe za chanjo. Kadi ikiwa imepotea hutegemea kumbukumbu ya mama, naye baada ya mwaka mzima na sindano kadhaa ni vigumu akumbuke ni dozi ya pili au ya tatu.