“Asilimia 1 ya chini” ni nini kwenye vipimo vya kadi za michoro na prosesa?

Fungua tathmini yoyote ya sasa ya kadi ya michoro au prosesa, mara nyingi utakuta kila gemu imechorewa pau mbili. Ndefu ni wastani wa fremu kwa sekunde. Fupi imeandikwa “1% low”, yaani asilimia 1 ya chini: kasi ya zile fremu zilizochelewa zaidi. Wengi husoma ile ndefu wakaondoka, na hapo ndipo watu wanaponunua kadi isiyowafaa, maana pau fupi ndiyo inayokwambia kama gemu itatiririka au itakwamakwama.

Kila fremu ni picha moja, na kompyuta hutumia muda kuiandaa. Fremu 60 kwa sekunde ni sawa na milisekunde 16.7 kwa kila fremu. Fremu 30 ni milisekunde 33.3. Sasa chukua sekunde moja tu: fremu 90 zimetoka kwa milisekunde 10 kila moja, kisha moja ikachukua milisekunde 100. Sekunde imetimia, fremu ni 91, na wastani unasomeka 91. Lakini mchezaji aliyekuwa analenga shabaha ameona picha ikiganda sehemu ya kumi ya sekunde. Hali hiyo ikijirudia kila sekunde kwa dakika nzima, unapata fremu 5,460, na 60 kati yake ni zile zilizochelewa. Zipange kuanzia iliyochelewa zaidi, uchukue asilimia 1 ya mwanzo, kama fremu 55 hivi: zote ni za milisekunde 100. Gawa 1,000 kwa 100, jibu ni 10. Kompyuta ni ileile, wastani 91, asilimia 1 ya chini 10.

Kupima muda wa kila fremu kulipata msukumo mkubwa Septemba 2011, pale Scott Wasson wa tovuti ya Marekani ya The Tech Report alipochapisha makala ya kuchambua yanayotokea ndani ya sekunde moja.

Kuna jambo moja ambalo watathmini wengi hawalielezi vya kutosha: namba hii hukokotolewa kwa njia mbili. Tuseme umerekodi fremu 1,000. Kati ya zile 10 za mwisho kwa kasi, tisa zimechukua milisekunde 20 na moja milisekunde 120. Njia ya kwanza huangalia fremu ya mpakani tu, ya kumi kutoka mwisho: milisekunde 20, sawa na fremu 50 kwa sekunde. Njia ya pili hutafuta wastani wa zote kumi: milisekunde 30, sawa na fremu 33. Rekodi moja, majibu mawili, na yote ni halali. Kwa hiyo usichukue pau fupi ya tathmini moja ukailinganisha na ya tathmini nyingine kabla hujajua kila mmoja alitumia njia gani. Asilimia 0.1 ya chini, ambayo baadhi ya tathmini huionyesha pia, itazame kwa tahadhari: dakika moja ya fremu 60 kwa sekunde ina fremu 3,600, hivyo namba hiyo inasimama juu ya fremu tatu au nne tu.

Kinachoshusha pau fupi mara nyingi ni kumbukumbu. Kadi ya michoro ya GeForce RTX 4060 Ti ilitoka mwaka 2023 kwa matoleo mawili, yenye kumbukumbu ya GB 8 na ya GB 16, chipu ikiwa ileile. Gemu ikitosha ndani ya GB 8, zinakimbia karibu sawa. Ikizidi, data hulazimika kupita kwenye PCIe, njia inayounganisha kadi na kompyuta, kwenda na kurudi RAM, kumbukumbu kuu ya kompyuta, ambako ni polepole mno, na fremu zinazosubiri data hiyo huchelewa. Kwa upande wa prosesa, Ryzen 7 5800X3D ya 2022 ina kashe ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 96 badala ya MB 32 za 5800X. Kasi yake ya juu ni ndogo kidogo, lakini huenda RAM mara chache zaidi, na gemu nyingi zinanufaika.

Kabla hujalaumu kadi, kagua RAM. Kijiti kimoja cha RAM hunyima prosesa nusu ya njia za kufikia kumbukumbu. Weka viwili; kwa bodi nyingi zenye nafasi nne za RAM, tumia ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) uwashe XMP au EXPO, mipangilio inayoiwezesha RAM kufikia kasi iliyotangazwa, la sivyo RAM ya DDR5 uliyoinunua kwa kasi ya 6000 inaweza kubaki 4800.

Kupima mwenyewe, tumia CapFrameX, programu ya bure inayoonyesha njia zote mbili. Chagua sehemu moja ya gemu unayoweza kuirudia hatua kwa hatua, rekodi sekunde 60, mara tatu. Mzunguko wa kwanza kabisa usiuhesabu: gemu nyingi huwa bado zinaandaa sheda (programu ndogo za kuchora picha), na mikwamo yake haitajirudia. Ukishusha ubora wa tekscha (picha zinazofunika vitu ndani ya gemu), zima gemu uiwashe upya ndipo upime, kwa sababu baadhi haziachii kumbukumbu ya kadi mpaka zifungwe.