Je, wajua kwa nini albamu ya pili ya Nick Drake haikupotea?

Machi 1971, kampuni ya muziki ya Island ya London iliingiza sokoni albamu ya pili ya kijana wa Kiingereza aliyeitwa Nick Drake. Alikuwa na miaka 22. Albamu yenyewe ni Bryter Layter, na nakala zilizonunuliwa wakati ule hazikufika 3,000. Leo inatajwa miongoni mwa kazi bora kuwahi kutungwa Uingereza, na wapiga gitaa ambao hawakuwa hata wamezaliwa wakati inatoka wanakesha nayo wakijifunza. Imekuwaje? Wengi hujibu haraka kwamba muziki mzuri haufi. Mimi silikubali jibu hilo. Muziki mzuri hufa kila siku, tena hufia ghalani. Huu uliokolewa na sharti moja la kibiashara.

Watu wa kazi walikuwepo, tena wa hali ya juu. Albamu ilirekodiwa Sound Techniques, studio ya mtaa wa Chelsea iliyokuwa ndani ya jengo la zamani la wauza maziwa. Kwa nje bado palikuwa na kichwa cha ng'ombe ukutani. Prodyuza alikuwa Joe Boyd, Mmarekani, na fundi wa mitambo John Wood. Besi ilipigwa na Dave Pegg, na sehemu ya ngoma akashika Dave Mattacks, wote wa bendi ya Fairport Convention. Robert Kirby, rafiki wa Drake tangu walipokuwa chuoni Cambridge, aliandika sehemu za fidla na za vyombo vya kupuliza. John Cale, aliyetokea bendi ya Velvet Underground, alipiga selesta kwenye wimbo Northern Sky. Selesta ni kinanda kidogo ambacho mlio wake ni kama vikengele vinavyogongwa chumba cha pili.

Lakini wimbo ninaoupenda kupita zote ni Poor Boy, na sababu ni piano. Aliyeipiga ni Chris McGregor wa Afrika Kusini. Alikuwa mzungu pekee katika bendi ya Blue Notes, ambayo iliondoka nchini mwao mwaka 1964, kwa sababu chini ya sheria za ubaguzi weusi na mweupe kupiga muziki jukwaa moja ilikuwa ni kujitafutia matatizo. Weka sikio hapo: gitaa la Drake linakwenda mwendo mmoja bila kuyumba, kama mtwangaji aliyeshika mapigo yake, na piano inapenya kwenye kila upenyo inaouona, inajibu, inatoka, inarudi. Kisha Doris Troy na P.P. Arnold wanaitikia. Kijana analalamikia maisha yake, na waitikiaji wanamwambia usoni kwamba anajihurumia tu. Sauti yake haipandi hata hapo.

Kilichokosekana ni mtu wa kuipeleka albamu kwa watu. Drake alikuwa mpole wa kupindukia na jukwaa lilimtesa. Gitaa lake lenyewe halikumsaidia: karibu kila wimbo ulitaka nyuzi zikazwe au zilegezwe upya, tofauti kabisa na kawaida, kwa hiyo wimbo ukiisha aliinama kimya akizungusha vifunguo huku wasikilizaji wakianza kupiga soga na kuagiza vinywaji. Katika onyesho moja la mwaka 1970 aliondoka jukwaani wimbo ukiwa katikati. Alipokuwa hai, mahojiano naye yalichapishwa mara moja tu. Magazeti nayo hayakukubaliana: Record Mirror lilisifu mkono wake kwenye gitaa, Melody Maker likaona ni mchanganyiko wa folk, yaani muziki wa asili wa kienyeji, na jazi ambao haujakaa sawa. Na Boyd, mtu aliyemwamini kuliko wote, karibu na wakati huo alihamia Los Angeles kufanya kazi Warner Bros.

Hapo ndipo sharti linapoingia. Kwa kawaida santuri isiyouzika huondolewa kwenye orodha ya kampuni. Kuanzia siku hiyo haichapwi tena, muuza duka hawezi kuiagiza, na anayeitaka abahatishe kwenye mitumba. Boyd alilijua hilo vizuri. Alipoiuzia Island kampuni yake, Witchseason, alitaka albamu za Nick Drake zisiondolewe kamwe kwenye orodha. Chris Blackwell, mwenye Island, alikubali, na neno hilo likashikwa.

Drake alitoa albamu moja zaidi, Pink Moon ya mwaka 1972, yeye na gitaa lake tu pamoja na piano kidogo. Sonona ilikuwa imemzidi. Alifariki Novemba 1974 nyumbani kwa wazazi wake, kijiji cha Tanworth-in-Arden, akiwa na miaka 26.

Santuri zikabaki zinaagizika, na miaka ikaanza kufanya kazi yake. Huyu alimwazima yule, yule akamrekodia mwenzake kwenye kaseti. Vijana wakaanza kubisha hodi Tanworth, na wazazi wake, Rodney na Molly, wakawakaribisha ndani. Mwaka 1979 albamu zote tatu zilikusanywa kwenye boksi moja. Mwaka 1985 kundi la Dream Academy lilitoa wimbo kwa kumkumbuka, ukapanda chati za Uingereza. Kisha, mwishoni mwa 1999, runinga za Marekani zikaanza kuonyesha tangazo la gari la Volkswagen: vijana wanne ndani ya gari la wazi, usiku wa mbalamwezi, wanafika kwenye sherehe, wanatazama zile kelele, halafu bila neno wanageuza gari na kuendelea na safari. Muziki unaosikika ni wimbo Pink Moon.

Watu wakauliza ni nani huyo anayeimba. Mauzo yake yakapanda ghafla, miaka 25 baada ya kifo chake, na waliokwenda kuitafuta Pink Moon waliikuta Bryter Layter nayo ipo, haijawahi kuondolewa.