Sinema uani: anza na mkeka, projekta baadaye

Kazi yangu ni kufunga mitambo ya picha na sauti kwenye shughuli za watu, na siku hizi simu nyingi ninazopokea ni za sinema ya uani: mtoto ametimiza mwaka, ndugu wamekuja likizo, au familia imeamua tu kukaa pamoja Jumamosi usiku. Karibu kila anayepiga huanza na projekta. Ninunue ipi? Ya bei gani?

Mimi humrudisha nyuma kwanza. Mgeni atavumilia picha iliyofifia kidogo. Hatavumilia mbu kwenye vifundo vya miguu, shingo iliyokakamaa, wala maneno anayoyasikia nusunusu. Akiinuka katikati ya filamu na kuaga, mara nyingi ni mwili uliomwinua. Kwa hiyo naupanga ua kuanzia pale watu watakapokaa, halafu ndipo nafuata mashine.

Nitaeleza kwa ua wa Dar es Salaam, wa saruji au mchanga, wenye mwembe pembeni na ukuta wa tofali upande mmoja, kwa kuwa ndiko ninakofanya kazi zaidi. Wa Tanga, Mombasa na Unguja hawatabadilisha mengi.

Sakafu ya saruji iliyopigwa na jua mchana kutwa hubaki na joto hadi usiku. Imwagie maji mapema, saa 10 alasiri hivi, ikauke kabla hujapitisha waya wowote. Ua wa mchanga au nyasi una shida ya pili: unyevu hupanda taratibu, na baada ya saa moja mkeka umekuwa baridi na nguo zimelowa. Tandika turubai kwanza, juu yake jamvi au mikeka, juu kabisa magodoro membamba. Mtu anayekaa chini kwa saa mbili anahitaji kitu cha kuegemea, hivyo safu ya kwanza ipe mito mikubwa au magodoro yaliyokunjwa. Watoto mbele, wakae au walale watakavyo. Nyuma yao viti vifupi na stuli, na nyuma kabisa viti vya plastiki vyenye mikono kwa watu wazima. Shangazi mmoja aliniambia, "Mwanangu, sisi magoti hayaturuhusu mkeka," na tangu hapo viti vya wazee ndivyo ninavyoviweka kwanza, karibu na njia ya kwenda ndani, mahali ambapo hawataruka miguu ya mtu wakitaka kwenda msalani.

Shingo huumia kwa sababu mbili: picha iko juu mno, au mtu yuko karibu mno. Kama wengi wako mikekani, ukingo wa chini wa picha uwe kama sentimita 60 kutoka ardhini. Wakiwa vitini, mita 1 inatosha. Kama upana wa picha ni mita 2.5, mtu wa mbele kabisa akae angalau mita 3 na nusu hivi kutoka kwenye picha. Keti mwenyewe kila mahali kabla wageni hawajafika. Ukiwa kwenye kiti cha nyuma angalia sehemu yanapotokea manukuu, yaani maandishi ya maneno ya filamu chini ya picha, kwa kuwa vichwa vya mbele hula maneno ya chini kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa ndugu zangu wa Arusha, Iringa na Njombe, ongezeni mablanketi na mashuka ya Kimasai, hasa Juni na Julai, na kofia kwa watoto. Umande huanguka juu ya watu na juu ya mashine pia, basi projekta ikae chini ya kipaa au mwavuli, ila matundu yake ya hewa yasizibwe. Pwani kanga mbili kwa kila familia zinatosha.

Sasa mbu, na hapa sitakimbia. Ua wa Dar una aina zaidi ya moja. Aedes, anayeeneza dengue, huuma mchana na huchangamka sana jua linapoelekea kuzama, yaani wakati ule ule unapopanga viti. Jiji hili lilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Culex, yule anayelia masikioni, hushika zamu usiku, na Anopheles wa malaria huuma zaidi usiku ukishakuwa mkubwa. Kinga huanza siku kadhaa kabla: mwaga maji yaliyotuama kwenye ndoo, vifuu, matairi na visahani vya chini ya maua. Yai la mbu huchukua takriban wiki moja au zaidi kidogo kuwa mbu kamili, kwa hiyo kumwaga maji jioni ya shughuli hakusaidii chochote usiku huo.

Jioni yenyewe, silaha ninayoiamini ni feni. Mbu ni mrukaji dhaifu, na upepo pia hutawanya harufu ya pumzi na jasho inayomwongoza kwetu. Weka feni mbili za kusimama zilizoshushwa chini, moja kila upande, zipige usawa wa miguu, maana miguu ndiyo huumwa zaidi. Dawa ya kujipaka yenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, igawiwe mlangoni watu wanapoingia. Dawa za kuchoma na majani ya mwarobaini husaidia pale tu moshi unapopita kwa watu, na moshi huo hukatiza mwanga wa projekta na kuwasha macho. Ukizitumia, ziwe pembeni, upande upepo unakotoka, na mbali na watoto wadogo. Mvua za vuli zikianza, jiandae pia kwa kumbikumbi. Washa taa nyeupe yenye nguvu mbali kabisa na watu, nyuma ya nyumba ikiwezekana, nusu saa kabla ya filamu. Wengi watakimbilia huko. Taa za uani penyewe ziwe za njano, hafifu, na chini: moja kwenye ngazi na moja kuelekea msalani.

Kuhusu saa ya kuanza, huku kwetu adhana imeshatufanyia hesabu. Dar jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni kutegemea mwezi, na giza letu la karibu na ikweta huingia haraka. Wakati wa isha hukadiriwa kwa kuondoka kwa mwanga wa machweo angani, na hicho hasa ndicho projekta inachokisubiri. Kwa hiyo mimi huwaambia watu: tuleni baada ya magharibi, tuanze baada ya isha. Anga ni jeusi, waliokwenda msikitini wamerudi, na hakuna filamu inayogongana na adhana ya msikiti wa mtaani.

Skrini bora ya bei nafuu ni ukuta wenyewe, ukiwa laini na umepakwa chokaa au rangi nyeupe ya maji. Rangi ya mafuta hung'aa, na utaona doa la mwanga katikati ya picha. Kama huna ukuta, shuka jeupe linafaa, lakini shuka moja huvujisha mwanga kwa nyuma. Liweke mara mbili, au shonea kitambaa cheusi nyuma yake. Upepo ukishika shuka lililo wazi nyuma, unakuwa na tanga la jahazi. Lisogeze karibu na ukuta, lifunge pembe zote na katikati ya kila upande, na badala ya kamba tumia vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli: hulegea upepo ukivuma kisha hurudisha shuka mahali pake bila kulichana.

Ndiyo, projekta. Usisome namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Projekta nyingi za bei ndogo hutangaza maelfu ya lumeni, yaani vipimo vya wingi wa mwanga, zisizopimwa kwa kipimo chochote kinachoeleweka. Tafuta lumeni za ANSI, yaani zilizopimwa kwa utaratibu wa viwango unaojulikana. Gizani kabisa, lumeni 500 za ANSI kwenye picha ya upana wa mita 2.5 hukupa mwanga unaokaribia ule wa ukumbi wa sinema. Ukitanua picha hadi mita 5, eneo limekuwa mara nne, na mwanga ule ule sasa umegawanywa kwa nne. Picha ndogo yenye nguvu inapendeza kuliko kubwa iliyochoka. Iweke projekta mbele ya skrini, sawasawa na katikati yake, juu ya meza isiyotikisika. Ukiiweka upande na kunyoosha picha kwa kitufe, unapoteza ukali wa picha.

Sauti ndiyo inayowashangaza wengi. Ndani ya chumba kuta hukurudishia sauti; uani inaondoka na hairudi. Kila umbali kutoka kwenye spika unapoongezeka maradufu, sauti hushuka kwa takriban desibeli 6. Ukiongeza tu sauti ya spika moja iliyo mbali, wa mbele wataziba masikio na wa nyuma wataendelea kuulizana "amesema nini?" Weka spika mbili ndogo pande zote mbili za picha, usawa wa masikio ya waliokaa, na punguza besi, ule mngurumo mzito wa chini. Besi haisaidii kuelewa maneno, tena ndiyo inayopenya kuta hadi chumbani kwa jirani. Tumia waya, kwa sababu blututhi mara nyingi huchelewesha sauti, midomo ikatangulia maneno. Kisha toka nje ya geti usikilize. Jirani aambiwe mapema, na bora zaidi aalikwe na watoto wake.

Umeme: angalia yuniti za LUKU mchana. Ekstensheni ya kibiringi ifunguliwe yote, kwani waya uliobaki umezungushwa hupata moto. Pitisha nyaya kando ya ukuta, na maungio yainuliwe kutoka ardhini. Filamu yenyewe ipakue mapema na uijaribu hadi mwisho. Intaneti ya mtaa hulemewa usiku.

Chakula kiwe cha kushika kwa mkono mmoja gizani: bisi, karanga kwenye vikaratasi, kachori, mihogo ya kukaanga, juisi ya ukwaju kwenye chupa zenye vifuniko. Samaki mwenye miba asubiri siku nyingine. Jiko la mkaa likae upande upepo unakoelekea. Kama filamu inazidi dakika 100, simamisha katikati kwa robo saa, na chagua filamu ambayo bibi asiyesoma manukuu ataifuata. Nampigania sana huyu bibi kila ninapopanga, maana mara nyingi ua ni wake.

La mwisho ni la kisheria. Kualika ndugu na majirani bila malipo ni shughuli ya nyumbani. Ukianza kuuza tiketi umeingia kwenye maonyesho ya hadhara, na Tanzania hayo yanasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Nenda Bodi ya Filamu uulize kibali kabla hujabandika tangazo, na zungumza pia na mwenye haki ya filamu.