Pua Kavu ya Mbwa Si Kipimo cha Homa

Wafugaji wengi wa Mufindi na Makete, kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, huamini kwamba mbwa mwenye pua kavu na ya moto ana homa. Kwa kweli unyevu wa pua hubadilika mara kadhaa kwa siku: mbwa aliyelala kando ya mafiga usiku wa Julai, baridi inapouma, huamka pua ikiwa kavu kama gome, kisha akailamba mara mbili tatu ikaloa tena. Homa hupimwa kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta na kuingizwa taratibu katika njia ya haja kubwa. Mbwa mwenye afya huwa na nyuzi 38.3 hadi 39.2 za Selsiasi, kiwango ambacho kwa binadamu tayari kingekuwa homa. Asiye na kipimajoto atazame fizi, ambazo kwa kawaida huwa na rangi ya waridi (wapo wenye fizi nyeusi kwa asili), na aone kama mbwa bado anakula na kuwabwekea wageni.