Talaka, Eda na Ibara ya 145: Tuliyoyaona Uingereza Ilipokwama

Katika mihadhara ya wazi ambayo idara yetu ya sheria huwaandalia wakazi wa Mombasa, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: je, nchi ikichoka na jumuiya iliyomo, haiwezi kutoka tu? Swali hili huja hasa panapozuka ugomvi wa mahindi, maziwa au vibali vya kazi baina ya nchi za Afrika Mashariki, na aghalabu muulizaji huwa amekwisha kujijibu moyoni kwamba inaweza. Kisheria amesema kweli: Ibara ya 145 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu. Kinachomponyoka ni kwamba kukubaliana kutoka ni jambo moja na kukubaliana namna ya kutoka ni jambo jingine kabisa, na kwamba katikati ya hayo mawili bunge zima linaweza kukwama. Uingereza, ilipotaka kutoka katika Umoja wa Ulaya, ilikwama hapo kwa zaidi ya miaka mitatu, nayo ni nchi yenye bunge la karne nyingi na watumishi wa umma waliobobea, kwa hiyo inafaa tuitazame kwa utulivu.

Tarehe 23 Juni 2016 wapiga kura wa Uingereza waliulizwa kama nchi yao ibaki katika Umoja wa Ulaya au itoke. Asilimia 51.9 walichagua kutoka na asilimia 48.1 kubaki, yaani watu milioni 17.4 dhidi ya milioni 16.1. Karatasi ya kura ilikuwa na majibu mawili tu. Haikumuuliza mtu kama angependa nchi itoke pia katika soko la pamoja, au iendelee kutumia ushuru mmoja wa forodha na majirani zake, au ifanye kama Norway, ambayo si mwanachama wa Umoja lakini imo ndani ya soko lake. Siku ya kuhesabu kura, wote waliotaka kutoka walitiwa kapu moja hata kama kila mmoja alikuwa na safari yake kichwani. Ilipofika siku ya kuandika mkataba, kapu lilimwagwa na kila mtu akadai chake.

Mlango wa kutokea ulikuwapo. Ibara ya 50 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya inairuhusu nchi mwanachama kutoa taarifa ya kujiondoa, na tangu siku hiyo huanza kuhesabiwa miaka miwili, ambayo ikimalizika nchi iko nje, uwe mkataba wa kuagana umepatikana au haukupatikana, isipokuwa nchi zote zilizobaki zikubali kuongeza muda. Serikali ilidhani inaweza kutoa taarifa hiyo kwa mamlaka yake yenyewe. Shauri likafikishwa Mahakama ya Juu, na mnamo Januari 2017 majaji 8 dhidi ya 3 wakaamua kwamba ni lazima Bunge liidhinishe kwanza. Bunge likaidhinisha, na barua ikapelekwa tarehe 29 Machi 2017. Kwa maoni yangu hapa ndipo kosa kubwa lilipofanyika, kwa kuwa saa ilianza kuhesabu kabla ya serikali kukubaliana na wabunge wake wenyewe juu ya kitu inachokwenda kukiomba. Kana kwamba hilo halikutosha, Waziri Mkuu Theresa May aliitisha uchaguzi akitarajia kuongeza wabunge; ulipofanyika, miezi miwili na kitu baada ya barua, akapoteza wingi aliokuwa nao, na ikabidi ategemee kura 10 za chama kimoja cha Ireland ya Kaskazini, sehemu ya Uingereza inayopakana na Jamhuri ya Ireland.

Ireland ya Kaskazini ndiyo iliyokuwa fundo lenyewe, na msomaji wa Pwani ana namna rahisi ya kulielewa.

Mtu anayetoka Muheza, mkoani Tanga, na shehena ndogo ya machungwa ya kuuza soko la Kongowea hufika mpakani Horohoro, akavuka hadi Lunga Lunga upande wa Kenya, na maofisa wa nchi zote mbili humhudumia katika kituo kimoja. Shehena yake ikiwa haizidi thamani ya dola 2,000 na bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa, hujaziwa cheti chepesi cha kuonyesha kwamba mazao yametoka ndani ya Jumuiya, na halipi ushuru wa forodha. Mpaka upo, lakini haumgandishi. Sasa mpaka wa Ireland, wenye urefu wa takriban kilomita 500 na zaidi ya njia 200 za kuvukia, ulikuwa mwepesi kuliko huo: hakuna kituo, hakuna kizuizi, hakuna ofisa. Wepesi huo ulipatikana kwa gharama. Kwa miaka 30 hivi eneo lile lilikuwa na machafuko yaliyoua takriban watu 3,500, na askari walikuwa wakilinda njia hizo kwa bunduki hadi amani ilipopatikana kwa Makubaliano ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1998. Uingereza ikitoka katika Umoja wa Ulaya ilhali Jamhuri ya Ireland inabaki, mstari ule unageuka kuwa mpaka wa nje wa Ulaya nzima, na mpaka wa nje hauwezi kukosa mahali pa kukagua bidhaa.

Ukaguzi huo uwekwe wapi? Ukiwekwa mpakani unagusa amani. Ukiondolewa kabisa, ina maana Uingereza iendelee kufuata sheria za forodha za Ulaya, na waliopiga kura ya kutoka watauliza wametoka wapi. Njia ya tatu ni kuupeleka baharini, baina ya Ireland ya Kaskazini na kisiwa cha Uingereza chenyewe. Hebu fikiri ukaguzi wa Lunga Lunga uondolewe ili ndugu Wadigo wa pande zote mbili wasisumbuke, kisha uletwe kwenye kivuko cha Likoni, baina ya pwani ya kusini na kisiwa cha Mombasa. Mfanyabiashara wa Ukunda atapeleka bidhaa Tanga bila ya kuulizwa neno, lakini akiagiza mchele kutoka Kisiwani atatakiwa kuonyesha karatasi ndani ya nchi yake mwenyewe. Si ajabu akajiona kama amekatwa na kuachwa ng'ambo. Ndivyo walivyojiona wale wenye kura 10.

Theresa May alichagua njia inayokaribia ile ya pili: nchi nzima ingebaki katika eneo moja la forodha na Ulaya mpaka suluhisho jingine la mpaka lipatikane. Alipoupeleka mkataba huo bungeni tarehe 15 Januari 2019, wabunge 432 waliukataa na 202 waliukubali. Haijapata kutokea katika zama hizi kwa serikali ya Uingereza kushindwa kwa tofauti kubwa kama hiyo. Aliurudisha tarehe 12 Machi, ukaanguka kwa kura 391 dhidi ya 242. Akaurudisha tarehe 29 Machi, siku ileile ambayo nchi ilipangiwa iwe imetoka, ukaanguka kwa 344 dhidi ya 286. Baina ya majaribio hayo Spika John Bercow alimzuia kuleta tena hoja isiyobadilika, akitegemea desturi iliyoanzia mwaka 1604, wakati huku kwetu Mreno angali amekaa ndani ya Ngome ya Yesu.

Msomaji anaweza kudhani kwamba wabunge walioukataa mkataba walikuwa na jambo jingine walilolitaka. Hilo ndilo lililojaribiwa tarehe 27 Machi, wabunge walipoitwaa ratiba kutoka kwa serikali na kupigia kura mapendekezo manane tofauti, tangu kutoka bila ya mkataba hadi kufuta safari yote. Hakuna hata moja lililopata wingi. Siku tano baadaye walirudia kwa mapendekezo manne, na lile lililokaribia zaidi, la kubaki katika umoja wa forodha, lilishindwa kwa kura 273 dhidi ya 276. Walikuwapo wengi wa kupinga kutoka bila ya mkataba, wengi wa kupinga mkataba uliopo, na wengi wa kupinga kura ya maoni ya pili, na mara nyingi walikuwa watu walewale. Aliyetaka kutoka kwa ukali na aliyetaka kubaki walipiga kura pamoja kuukataa mkataba, kila mmoja akiamini kwamba ukianguka chake kitapanda. Huo ndio mkwamo kwa maana yake halisi, na uzembe wa wabunge, ambao wengi waliulaumu wakati ule, sioni kama ulikuwa na sehemu kubwa.

Mzee mmoja wa Mji wa Kale aliyehudhuria mhadhara wetu aliniuliza kama barua ile ya Machi 2017 ilikuwa talaka rejea au talaka iliyokwisha. Sijapata kuulizwa jambo hili kwa ufasaha zaidi. Sisi tunajua kwamba mke aliyeachwa kwa talaka moja hukaa eda, na mume anaweza kumrejea kabla ya eda kumalizika pasipo ndoa mpya. Tarehe 10 Desemba 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua jambo la namna hiyo: maadamu muda wa taarifa haujamalizika na mkataba wa kuagana haujaanza kutumika, Uingereza ingeweza kuifuta barua yake bila ya kuomba ruhusa ya nchi 27 zilizobaki. Eda ikishapita, nchi ikitaka kurudi haina budi kuposa upya, ijibiwe na kila mmoja wao.

Eda yenyewe ilirefushwa mara tatu, hadi 12 Aprili, kisha 31 Oktoba 2019, kisha 31 Januari 2020. May akajiuzulu. Boris Johnson akashika nafasi yake mwezi Julai 2019, akalisimamisha Bunge kwa majuma matano, na Mahakama ya Juu ikaamua kwa sauti moja ya majaji 11 kwamba hatua hiyo ni batili. Akapata mkataba mwingine, uliouhamishia ukaguzi baharini, yaani "Likoni" ya mfano wetu. Mkwamo ulivunjwa na uchaguzi wa tarehe 12 Desemba 2019, ambapo chama chake kilipata viti 365 kati ya 650, na Uingereza ikatoka tarehe 31 Januari 2020. Mabishano ya bahari ile yaliendelea hadi mwaka 2023, mpango ulipofanyiwa marekebisho huko Windsor.

Mawimbi ya mambo hayo yalifika hata huku. Chai inayonadiwa Mombasa na maua ya Naivasha yalikuwa yakiingia Uingereza kwa masharti ya Ulaya; Uingereza ilipotoka ilibidi masharti hayo yaandikwe upya, na Kenya ikatia saini mkataba wake na London tarehe 8 Desemba 2020, majuma matatu kabla ya kumalizika muda wa mpito, ambao ndani yake masharti ya Ulaya yaliendelea kutumika.

Sasa turudi kwa yule anayesema tutoke. Ibara ya 145 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, inaruhusu. Inataka Bunge la nchi liamue kwa kura zisizopungua theluthi mbili za wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha Katibu Mkuu apelekewe taarifa ya maandishi ya miezi 12, ambayo nchi inaweza kuifuta kabla ya muda kumalizika. Kwa Bunge la Taifa la Kenya, lenye wabunge 349, hiyo ni kura 233. Maswali mawili yaliyowapeleka Waingereza mahakamani, nani mwenye mamlaka ya kutoa taarifa na kama inaweza kufutwa, kwetu yamejibiwa ndani ya mkataba wenyewe, na waandishi wake wanastahili sifa kwa hilo.

Waliokuwa watu wazima mwaka 1977 wanajua kwa nini waandishi hao walikuwa waangalifu. Jumuiya ya kwanza, ya mwaka 1967, haikuvunjwa kwa kura. Uhusiano uliharibika tangu Idi Amin alipopindua serikali ya Uganda mwaka 1971 na Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye, hadi mwaka 1977 nchi tatu ziliposhindwa kukubaliana hata bajeti ya Jumuiya. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari mwaka huo, na haukufunguliwa hadi 1983. Mgawanyo wa mali na madeni ulitiwa saini Mei 1984. Miaka saba ilipita kabla ya kujulikana kichwa cha treni ni cha nani.

Ibara ya 145 haitaji mgawanyo wa namna hiyo, wala haisemi biashara iendeshwe kwa ushuru gani baada ya mwezi wa kumi na mbili. Bunge linaweza kufikisha kura 233 asubuhi, na mwenye machungwa yake akasimama Lunga Lunga mwaka mmoja baadaye akiwa na cheti cha Jumuiya ambacho nchi anayoingia haikitambui tena, na ofisa aliye mbele yake akawa hana karatasi nyingine ya kumpa.